Nilivyosafisha na kufunga upya sensa ya hewa nyumbani Ggaba

Kifaa changu cha kupima vumbi la hewa kina sensa (vihisi) mbili za leza, A na B, ndani ya kasha moja. Asubuhi moja A ilisoma mikrogramu 180 za PM2.5, yaani chembe ndogo sana za vumbi na moshi, kwa mita ya ujazo, B ikasoma 34. Hewa haitofautiani hivyo ndani ya sentimita tano, kwa hiyo sensa moja ilikuwa imeingiliwa. Huku Ggaba, mtaa wa Kampala kando ya Ziwa Viktoria, mshukiwa wa kwanza ni buibui. Wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa usiku, buibui huwafuata wao, na uzi mmoja wa utando ukikatiza mwali wa leza husomwa kama moshi usiokwisha. Feni ikikwama mambo hugeuka: hewa mpya haiingii, namba hushuka au huganda.

Nilichomoa umeme kwanza, nikafungua skrubu za kasha. Sensa yenyewe, kile kiboksi cha bati, sikuifungua. Lenzi ikisogea kidogo tu, vipimo haviaminiki tena. Nilizuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke ovyo, nikapuliza kwa kipulizio cha mpira kupitia tundu la feni, mara kumi hivi, ili uchafu utokee ulikoingilia. Ukatoka uzi wa kijivu wenye mbawa mbili za mdudu. Kwenye mdomo wa sensa, hewa inapoingilia, nilipitisha brashi laini kavu. Usitumie spiriti wala kitambaa kibichi, na usipeleke sensa kwenye upepo wa kompresa ya gereji: upepo ule hubeba maji na mafuta ya mashine.

Kusafisha ni dakika ishirini. Kazi kubwa ni mahali pa kufunga, na hapo ndipo wengi tunakosea. Yangu ilikuwa juu ya mlango wa jikoni, mita mbili kutoka sigiri, kwa hiyo miezi yote hiyo ilikuwa ikipima mkaa wetu, siyo hewa ya mtaa. Niliihamishia ukuta mwingine, zaidi ya mita sita kutoka sigiri na shimo la taka, kimo cha mita mbili na nusu, pasipo kona inayofungia hewa. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo ukuta wa mashariki hupigwa na jua la asubuhi na wa magharibi la jioni mwaka mzima. Nilichagua wa kaskazini wenye upenu mpana, nikaishusha sentimita 30 chini ya bati, maana bati la mchana huichemsha na kuharibu usomaji wa joto na unyevu. Matundu yote yatazame chini. Chandarua nilikifunga kwenye uwazi wa kasha, mbali kidogo na mdomo wa sensa, kwa sababu kikiugusa hujaa vumbi na kuziba pumzi.

Waya nao una yake. Ule wa mita kumi, mwembamba, ulifikisha volti 4.3 tu, wakati sensa hizi hutaka 5, na feni ilikuwa ikivuta kwa uvivu. Niliweka mnene wa mita tatu. Uache waya uning'inie chini ya kifaa kabla ya kupanda kuingia, ili mvua idondokee hapo isifuate waya hadi ndani.

Baada ya kuwasha nilisubiri feni itulie, sekunde 30 na zaidi, kisha nikazima njiti ya kiberiti umbali wa mita moja. A na B zilipanda pamoja, zikashuka pamoja, zikatulia kwenye 31 na 33. Nikalinganisha na ramani ya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere wa kupima hewa, ila mchana: alfajiri yenye ukungu chembe hunywa maji na kuvimba, na leza huziona kubwa kuliko zilivyo.