Ukuta una unene

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili pale Kisumu walikuwa wameikariri pai, yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, hadi basi. 22 kwa 7, wanaitaja bila kupepesa. Uliza imetoka wapi, kimya. Nikaomba ruhusa, tukaenda Makumbusho ya Kisumu kwenye Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi.

Historia ya boma lile ni tamu, nani analala wapi na kwa nini, lakini siku hiyo niliiweka kando. Tulikwenda na kamba. Kundi moja likaizungusha nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, kwa nje. Jingine likaingia ndani, likavuta kamba kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Wakagawa. Jibu likaizidi pai, tena si kidogo. Wavulana wakaanza kulaumiana kuhusu kamba iliyolegea. Msichana mmoja, ambaye darasani hanyooshi mkono, akasimama mlangoni, akaushika ukuta kwa viganja, kimoja nje kimoja ndani. "Mwalimu, si wamesahau unene? Mzingo wameupima nje, kipenyo ndani." Wakauongeza unene mara mbili, wakagawa upya, jibu likakaribia 3.14. Nilifurahi kupita kiasi. Swali kama lile kitabu hakimpi mtoto, maana duara la kitabuni halina udongo.

Kisha mzee tuliyekwenda naye, babu ya mwanafunzi mmoja na fundi wa nyumba za nyasi tangu ujana wake, akapiga kigingi uwanjani, akafunga kamba, akazunguka akichora. Nikawauliza: mkiwa na ukuta wa mita 22 tu, mtajenga mraba au duara? Mraba ukatoa upande wa mita 5.5, eneo mita za mraba 30.25. Duara, nusu kipenyo mita 3.5, likatoa 38.5.

"Udongo ni ule ule," mzee akasema, "lakini wageni watakaolala ni wengi zaidi."

Wakageukia paa. Nyumba hiyo ya duara, ukiongeza upenu wa nusu mita, ni mita 4 kutoka katikati hadi ukingo wa paa. Paa likiinuka mita 3, kanuni ya Pythagoras inatoa pau za mita 5 kamili. Wakashangilia. Mzee akatikisa kichwa.

"Wajukuu zangu, mkikata 5 mtaumia. Ncha lazima zipishane kileleni ndipo zifungwe. Ongezeni urefu wa mkono mmoja."