Nilikurupuka na yule mama wa cherehani

Mwaka 2019, jioni moja kama saa kumi na mbili hivi, nilikuwa kwenye pantoni hapa Dar es Salaam, natoka Magogoni naelekea Kigamboni, ile saa watu wamebanana mpaka unapumulia mgongo wa mwenzako. Karibu yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, amepakata kitu kimefungwa kwenye kanga, mi nikajua mtoto. Pantoni ilipogusa ng'ambo kanga ikateleza kidogo, kumbe cherehani, yani kichwa chake tu, lile chuma jeusi lenye maua ya dhahabu yaliyofutika futika, meza hamna. Akakifunika haraka, akajitwisha, akapotelea kwenye watu.

Nilifika nyumbani hata chakula sijala nikachukua daftari nikaanza kuandika, na hapo ndo nilipoharibu.

Manake kulikuwa na shindano moja la hadithi fupi, tarehe ya mwisho imebaki wiki tatu, na mi nilikuwa nataka sana jina langu lionekane mahali. Basi yule mama nikamfanya mjane, ndugu wa mume wamemnyang'anya nyumba, katoroka na cherehani yake usiku, anahangaika weee halafu mwishoni anafungua duka kubwa Kariakoo na wale ndugu wanakuja kumpigia magoti. Siku 19 nimemaliza. Na kabla sijamaliza nilikuwa nshaisimulia kwenye grupu letu la WhatsApp, kila mtu akatoa wazo lake, mmoja anasema mama afe, mwingine anasema awe na mtoto wa kiume amekwenda Uarabuni, mwingine anataka mganga, na mi nikawa naongeza tu kwa sababu nilipenda vile wanavyoipenda. Nilipotuma ile stori ilikuwa ya watu sita. Haikuchaguliwa, na niliposoma tena baada ya miezi kadhaa sikuona sababu ya mtu kuichagua, kwa sababu yule mama niliyemuona mimi hakuwemo. Ile haraka yake ya kufunika kanga haikuwemo. Iliyoniuma zaidi ni hiyo.

Mnajua embe za kuvundika, zile za kuchumwa bado hazijakomaa zinafukiwa zipate rangi. Ukiziona sokoni njano inavutia kabisa, ukikata ndani chachu na nyuzi. Stori yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Nikaliweka lile daftari. Siwezi kusema nilikuwa na mpango wowote, nililiweka tu kwa sababu nilichoka, lakini yule mama hakuniacha, nikipita barazani kwa fundi yeyote macho yanakwenda kwenye cherehani yenyewe kwanza.

Sasa 2022 nikapeleka suruali kupunguzwa kwa fundi mmoja mzee pale Mtoni, magharibi inaingia, anafunga kazi. Nikamkuta ameshikilia kichwa cha cherehani anakichomoa kwenye meza. Nikamwambia shikamoo fundi, akaitikia marahaba mwanangu, nguo yako kesho. Nikamuuliza mbona unakitoa?

"Sasa nikiache hapa nije nikute nini? Meza naifunga mnyororo kwenye nguzo, kichwa nalala nacho."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwaka wa ishirini na ngapi huu."

Nikauliza je ikiibiwa meza. Akacheka kidogo, akasema hapo nimekwisha, pedeli iko kwenye meza, gurudumu liko kwenye meza, mkanda uko kwenye meza, kichwa bila meza ni chuma tu mwanangu, kazi yake kugandamizia karatasi zisipeperuke.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, siku hiyo daladala sikupanda. Yani miaka mitatu nilikuwa naamini yule mama anakimbia, kumbe inawezekana kabisa alikuwa anatoka kazini tu kama mimi. Jioni anakibeba, asubuhi anakirudisha, hiyo ndo stori, na swali ambalo sikuwahi kuwa nalo likaja lenyewe pale karibu na kwa Azizi Ally: vipi ile asubuhi anavuka na kichwa chake kwenye kanga, anafika barazani, anakuta mnyororo umekatwa meza hamna? Anakaa wapi? Anakiweka wapi kile chuma? Anawaambia nini wateja wenye vitambaa vyao?

Siku ile ya pantoni nilikuwa na picha tu. Picha ni nzuri lakini haiendi popote peke yake, inabidi ikutane na kitu kingine, na hicho kitu kingine kiliniijia pale kwa fundi, tena miaka mitatu baadaye. Hakuna namna ningekaa mezani nikakibuni kwa nguvu.

Huwa namfikiria sana mwandishi Abdulrazak Gurnah kwenye hili. Kazaliwa Zanzibar 1948, kaondoka kijana mdogo baada ya Mapinduzi akaenda Uingereza, riwaya yake ya kwanza imetoka 1987, piga hesabu, mtu anakaribia miaka 40. Nobel ya fasihi kapewa 2021. Na kule kuondoka nyumbani, kuishi ugenini, bado vimo kwenye vitabu vyake mpaka leo. Mi nilimpa yule mama siku 19.

Ila naomba nieleweke, sisemi mtu alale. Watu wanapenda kuniambia mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini lazima uwe unapita pita chini ya mti, usipopita popo ndo watakaozila. Kama ningekuwa nimemsahau yule mama, maneno ya yule mzee yangepita kama maongezi ya fundi na mteja. Kwa hiyo sa hivi nina daftari la mawazo peke yake, naandika tarehe na kile nilichokiona tu, sio maana yake, na kila baada ya muda nayasoma yote. Mengine yanakufa humo humo na siyalilii. Na simwambii mtu. Hili ni gumu kwangu kuliko yote, nikipata wazo tamu ulimi unawasha, lakini nimeona nikishalisimulia hamu ya kuliandika inapungua kabisa.

Siku hizi marafiki wananiuliza umetuma kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu? Ni jambo kubwa sana kwetu ile tuzo, mshindi wa kwanza milioni 10 na kitabu chake kinachapishwa, na natamani, sitadanganya. Lakini mwaka huu sijatuma. Stori imeshakuwa riwaya, niko ukurasa wa 61, mama amekaa barazani na kichwa chake miguuni, jua linapanda, mteja wa kwanza anakuja kuchukua gauni la harusi, na mi sijui atamwambia nini.

Jumamosi nakwenda Magogoni asubuhi mapema, nauli mia mbili, nivuke nirudi, nivuke nirudi, niangalie wanawake wanaoshuka na mizigo wanavyoishika.