Mombasa mpaka Moshi kupitia Holili, safari ya kurudi chuo

Nilienda kwetu Mombasa mara moja kula Idi na wazee, ikabidi nirudi Moshi ninakosoma kabla vipindi havijaanza. Watu huniuliza mbona sipiti Namanga, jamani mtu wa Mombasa apande mpaka Nairobi afuate nini? Njia ni ya Voi, basi linakata kushoto linaingia Mwatate, Bura, Maktau mpaka Taveta, zamani kipande hicho ulikuwa unakula vumbi, siku hizi lami tupu. Baada ya Maktau ni Tsavo huku na huku, tukaona tembo wekundu kwa ule udongo wao na konda hata hakugeuka. Kabla ya Taveta kuna kilima cha Salaita, jeshi la Waingereza na la Wajerumani walipigana hapo Februari 1916, mimi nikikiona tu naanza kupapasa begi maana najua mpaka umefika.

Kwa wasiojua, ukitoka Taveta kuja Tanzania upande wa Kenya husimami, unapitiliza mpaka jengo la Holili na humo humo ndani Mkenya anakugongea kutoka, unasogea dirisha la pili Mtanzania anakugongea kuingia. Kuna na watu wa afya wanataka kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, hao usibishane nao.

Sasa hilo dirisha la pili ndo wanafunzi tunapokwama. Afisa akiona Mkenya na kibegi kidogo anajua umekuja kutembea, mhuri wa matembezi ushanyanyuliwa. Mi huwa namuwahi, "Shikamoo afande, mimi mwanafunzi, kibali changu hiki hapa," na karatasi naiweka juu ya pasi sio chini.

Safari hii mbele yangu kulikuwa na dada wa Uganda, anasoma Moshi pia, alikuja Mombasa harusini na kibali kakiacha hosteli. Ana picha kwenye simu, kioo kimepasuka na picha yenyewe ina ukungu, namba haisomeki. Afande akamwambia kwa upole tu, dada nikugongee matembezi uende zako. Foleni ikaguna, wamama wa vitenge nyuma yangu wakasema si akubali twende! Nikamwambia usikubali dada, ukigongewa matembezi umeingia kama mgeni, na mgeni hana ruhusa ya kusoma, chuo wakitaka kopi ya pasi utaanza kuzunguka maofisini kueleza wewe ni nani. Kuna Mrundi nasoma naye yalimkuta hayo, muhula karibu wote yuko njiani na mafaili. Na vyuo navyo, siku ya kwanza wanatuhubiria sheria za hosteli masaa mazima, hili la mhuri hawaligusi kabisa.

Basi akampigia anayelala naye chumba kimoja, yule akafungua kabati akaskani kibali akakituma wasap, intaneti ya mpakani nayo inasuasua, dereva anapiga honi kama ana kesi na sisi. Afande akaisoma namba, akaiangalia kwenye kompyuta, akamgongea vizuri kama mwanafunzi. "Ila siku nyingine beba orijino."

Himo yule dada akanunua ndizi za kuchoma akatugawia siti zote za nyuma, na wale wamama waliokuwa wanaguna nao wakala, mmoja akaomba na pilipili.