Siku moja na daftari langu Bonde la Msimbazi

Saa 12 asubuhi. Mvua ya masika imepiga usiku kucha, kwa hiyo leo naanza na nyumba za chini, zinazopakana na mto. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Kigogo, Dar es Salaam. Begani nina ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji mwilini anayeharisha, vidonge vya zinki, dawa ya kutibu maji, utepe wa kupima mkono wa mtoto, fomu za rufaa na daftari.

Saa 1. Watu wametapisha vyoo. Kwa asiyeishi huku: choo cha shimo kikijaa, na gari la majitaka haliwezi kuingia uchochoroni, mtu hutoboa shimo ubavuni akangoja mvua kubwa ili kinyesi kiende na maji. Kinakwenda, lakini mlangoni kwa wa chini yake. Natakiwa kuwaelimisha waache, na naelimisha kweli. Ila nyumba ninayosimama nayo ina vyumba sita, kila chumba familia yake, choo kimoja, na mwenye nyumba haishi hapa. Elimu yangu mpangaji ataifanyia nini? Na juu ya hayo kuna mto wenyewe: Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapita kwenye viwanda, machinjio na madampo, kisha ukifurika unaingia vyumbani mwa watu ambao hawakutupa hata robo ya taka hizo.

Saa 2. "Dada wa afya, pita huku kwanza." Mtoto wa miaka miwili, anaharisha tangu jana. Macho yamedidimia. Nabana ngozi ya tumbo, inarudi taratibu: mwili umepungukiwa maji. Kikombe anakipokea kwa pupa, na hilo linanipa moyo. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, kijiko kwa kijiko. Zinki kidonge kimoja kwa siku, siku 10, hata kuhara kukikoma. Naandika rufaa ya zahanati, aende leo hii.

Mama yake ananiuliza maji safi anayatoa wapi. Ananunua dumu la lita 20 kwa shilingi 200 kwa jirani mwenye bomba. Piga hesabu: uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50, yaani shilingi 10,000. Mwenye bomba ndani analipa sehemu ndogo tu ya hizo. Kwa hiyo anayepata maji machache kuliko wote mjini ndiye anayeyanunua ghali kuliko wote, halafu mimi namwambia anawe mikono kwa maji yanayotiririka. Huwa nasema hivyo huku roho inaniuma.

Saa 4. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu," na kikohozi kinafuata. Bibi huyu anakaanga vitumbua vya kuuza. Mvua ikinyesha jiko la mkaa linaingia chumbani, na wajukuu wamo humo humo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020 pekee. Watoto wadogo huuawa na nimonia, wazee huuawa na moyo, kiharusi na mapafu. Mkakati wa taifa wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, nami nautakia heri. Lakini kujaza mtungi mdogo wa gesi kunataka zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo, na bibi hununua mkaa wa leo kwa hela ya vitumbua vya jana. Tumekubaliana jiko likae barazani chini ya turubai, wajukuu walale upande wa dirisha. Nimempa rufaa, kikohozi kimepita wiki mbili, lazima apimwe kifua kikuu.

Saa 6. Zahanati, foleni ndefu. Mtoto amehudumiwa.

Saa 10. Kikao kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee mmoja anasema watu wa bondeni wahame tu, wameshazoea mafuriko. Hapo sikunyamaza. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waathirika wakagawiwa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Wapo waliorudi, kwa sababu kibarua cha Kariakoo hakikuhamia Mabwepande. Hakuna anayependa kulala na tope. Bondeni ndiko kodi inakowezekana. Mvua ya jana imenyesha Upanga na Oysterbay pia, na huko hakuna aliyeamka akichota kinyesi sebuleni.

Nikafungua daftari. Wagonjwa wa kuhara wa mwezi huu nimewaandika kwa nyumba, na karibu wote wako safu mbili za chini. Nimeomba mambo mawili: pampu ya mkono ya kunyonya vyoo, ambayo hupita uchochoroni, ilipiwe na wenye nyumba kwa mafungu, na kioski cha maji kishushwe upande huu. Kioski wamesema watakiandikia barua. Kuhusu vyoo, mtendaji atawaita wenye nyumba Jumamosi saa 3, na mimi natakiwa kufika na orodha ya vyoo vilivyojaa. Jioni hii nimeanza kuinakili.