Dokumentari imekwama? Anzeni na kilichomo kwenye diski

Miradi ya wanafunzi hukwama kwa sababu zilezile: mhusika mkuu amejitoa, tukio lililotegemewa halikufanyika, au sauti imeharibika, na siku ya kuwasilisha imekaribia. Kikundi hurudi kwenye pendekezo la mradi na kuanza kutafuta namna ya kulitimiza. Hapo ndipo wiki zinapopotea. Pendekezo lilikuwa makisio tu. Filamu ya kuokoa mradi itatoka kwenye picha na sauti ambazo tayari mnazo.

Kwanza hakikisheni mnazo kweli. Kadi ikifomatiwa kwa bahati mbaya, itoeni kwenye kamera na msirekodi juu yake hata sekunde moja. Mara nyingi kufomati hufuta orodha ya faili tu, na data yenyewe hubaki mpaka irekodiwe nyingine juu yake. Kadi ya SD ya ukubwa wa kawaida (si microSD) ina kiswichi kidogo ubavuni cha kuzuia kuandika. Kifungeni, nakilini kadi nzima kwenye diski, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, kisha tafuteni ndani ya nakala hiyo. PhotoRec ni programu ya bure na hurudisha faili nyingi, ila bila majina yake ya awali.

Faili ya MP4 iliyokatika betri ilipoisha ni shida nyingine kabisa. Picha zimo, lakini kamera nyingi huandika faharasa ya faili, yaani orodha ya mahali kila picha ilipo, pale tu unaposimamisha kurekodi, na safari hii haikuwahi. Programu ya untrunc inaweza kuijenga upya ikipewa faili nzima kutoka kamera ileile, yenye mipangilio ileile. Kama hamna, rekodini klipu fupi sasa hivi kabla hamjarudisha kamera.

Baada ya hapo, shughulikieni sauti kabla ya picha. Mtazamaji huvumilia picha inayotikisika, lakini maneno yasiyosikika humchosha haraka. Mvumo wa umeme hukaa kwenye 50 Hz au 60 Hz, kutegemea nchi, na kwenye vizidishe vyake (mara mbili, mara tatu na kuendelea), kwa hiyo kichujio chembamba huuondoa bila kugusa sana sauti ya mtu. Kwa kelele ya feni, chukueni sampuli ya sekunde mbili zisizo na maneno, iwe mfano wa kelele kwa programu ya sauti, kisha mpunguze kelele hiyo kwa desibeli 6 hadi 12. Mkizidisha, mzungumzaji ataanza kusikika kama yuko chini ya maji. Sauti iliyopasuka kwa kurekodiwa juu mno ndiyo ngumu zaidi, maana kilele cha wimbi kimekatwa na hakipo tena. Tumieni sentensi chache mno kutoka hapo, tena zenye maandishi chini ya picha. Na kama midomo inaachana na sauti polepole kwenye video ya simu, huenda simu ilirekodi kwa kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) inayobadilika. Igeuzeni iwe thabiti kwa programu ya HandBrake kabla ya kuanza kuhariri.

Sasa andikeni mahojiano yote neno kwa neno, pamoja na muda wa kila jibu. Kila mmoja aweke alama peke yake, kabla ya mjadala, kwenye sehemu ambazo angependa kuzitazama tena. Chapisheni sehemu hizo, zikateni vipande, mzipange ukutani, kisha mjiulize: vipande hivi vinajibu swali gani? Tuseme mlifuata kwaya inayojiandaa kwa shindano, na shindano likafutwa. Swali la nani atashinda limekufa. Lakini mazoezi yanamwonyesha mwalimu akisimamisha mstari uleule tena na tena, mkono juu, mpaka bezi waache kuvuta pumzi katikati ya neno. Watu wengi wanajifunzaje kupumua pamoja? Hilo lina jibu ndani ya diski, na dakika 8 zinalitosha vizuri kuliko 25 mlizoahidi. Mwarifuni msimamizi wenu mapema, kwa maandishi.

Mhusika akijitoa, kumfunika uso hakutoshi: sauti, nguo na nyumba vinamtambulisha. Fomu aliyosaini isiwe silaha. Muulizeni anachoogopa ni nini hasa. Wakati mwingine ni jibu moja tu. Akikataa kabisa, mwondoeni.

Siku ya kurekodi nyongeza ije baada ya mkato wa kwanza, yaani toleo la kwanza la filamu mliyoihariri, na orodha yake itokane na mapengo mliyoyaona humo. Kila picha ishikeni sekunde 10 bila kusogeza kamera: eneo zima, mikono kazini, kifaa kwa karibu. Kila mahali rekodini dakika nzima ya ukimya wake, maana ndiyo itakayoziba pale vipande vya sauti vinapounganishwa.

Kuna kishawishi cha kutengeneza filamu kuhusu jinsi mradi ulivyoshindikana. Inafaa pale tu kamera ilipokuwa inarekodi mambo yakiharibika: simu ya kukataliwa, ubishi wa kikundi, mlango uliofungwa. Kama hamna picha hizo, mtabaki na msimulizi anayeeleza mambo ambayo mtazamaji hayaoni.