Luzerni yangu ya Kabare inanyauka

Jana nimeenda Kabare, kule Kivu Kusini, kuona kale kashamba ka luzerni, majani ya kulisha ngombe na sungura, na kusema kweli roho iliniuma. Semene mbili zilizopita ilikuwa kijani tupu, sasa kuna mashina yananyauka kwa juu wakati mvua inanyesha kila siku, nikajua hii haiko njaa ya maji.

Nikang'oa mzizi mmoja, nikaukata na kisu cha jikoni. Ndani, katikati, kuna mistari ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, inashuka na mzizi. Ile njo fuzariamu, kuvu ya udongo, inaingia kwa mizizi inaziba mishipa ya maji, mmea unakufa kiu na miguu iko ndani ya tope. Kuna ndugu yake, vertisiliamu, ile inafanya ncha ya jani inakuwa manjano kwa umbo la V na shina linabaki kijani, Sweden waliiona kwa luzerni tangu 1918, Marekani ikaonekana 1976.

Kubaya ni kwamba fuzariamu inalala ndani ya udongo miaka na miaka, dawa ya kupuliza haifike kule. Basi nitang'oa zote, pale nipande mahindi, luzerni iende upande mwingine na mbegu ya aina inayovumilia. Na jamani, mundu! Anzeni kukata kwa shamba lisilo na ugonjwa, lenye ugonjwa mwisho, kisha muoshe mundu vizuri.