Siku niliyoangukia viazi vya bibi

Septemba 2017 nilikuwa dereva wa Noah, na kazi niliyopewa siku ile ilikuwa kubeba mizigo tu. Mwenye mizigo alikuwa kaka mmoja wa Moshi, rubani wa yale mabawa ya kitambaa ambayo sisi Mbeya tuliyaita parachuti mpaka akachoka kutusahihisha. "Parachuti ni la kushukia," alisema. "Hili linapaa, ukilipatia upepo wake." Kibali alikuwa nacho mfukoni. Abiria wake alikuwa kijana wa benki, aliyekwisha kulipa nusu.

Tulipanda mteremko wa mlima Loleza unaotazama mjini, begi mgongoni mwangu. Saa tatu asubuhi tukafika penye nyasi fupi. Nikadhani sasa wataruka, nami nishuke kuwafuata na gari. Wapi! Kaka alifunga utepe mwekundu kwenye fimbo, akaichomeka ardhini, akakaa. Saa nne utepe umelala. Saa tano unacheza, kisha unageuka, unapepea kutoka mgongoni, na upepo wa mgongoni haurushi mtu. Tukala ndizi. Simu hakuigusa, macho yake yalikuwa kwenye moshi wa mashamba yaliyokuwa yakichomwa bondeni, na kwa mwewe wawili waliokuwa wakizunguka.

"Mwewe akipanda bila kupiga bawa, ujue chini yake kuna hewa ya moto inayopanda," alisema. "Miamba imeanza kushika jua."

Saa saba kasoro utepe ukanyooka kuja kwetu kutoka bondeni, ukatulia hivyo. Kijana wa benki akachungulia chini, akakumbuka ana kikao. Jumamosi!

"Una kilo ngapi?" kaka akanigeukia.

"Sitini na tano."

"Mama yako yuko wapi?"

"Nyumbani, Iyunga."

"Basi usimpigie."

Akanifunga mikanda mapajani na kifuani, akaivuta mara mbili. "Kimbia hata kama miguu haigusi chini. Huku juu hewa ni nyepesi, bawa linataka mbio zaidi kuliko pwani. Ukikaa mapema, tunakaa wote kwenye mawe." Alipovuta kamba, upepo uliingia kwenye mifuko ya mbele ya bawa, likajaa na kuinuka kwa mlio wa shuka linalokung'utwa. Nikakimbia hatua saba. Ya nane ilikanyaga hewa, nami bado nakimbia tu.

Kifaa cha kupimia kupanda na kushuka alichovaa kaka kifuani kilikuwa kinalia ti, ti, taratibu. Tulipoingia kwenye ile hewa ya mwewe kikaanza kulia mbio mbio, na kiti kikanisukuma kutoka chini. Tukazunguka. Mwewe mmoja alikuwa ng'ambo ya duara letu, ananitazama kwa jicho moja. Chini, kiwanja cha zamani cha ndege kimelala kama rula iliyosahauliwa tangu ndege zihamie Songwe mwaka 2012. Malori ya barabara ya Zambia yanatambaa. Rungwe iko mbali, wingu kichwani. Lakini kilichonishangaza zaidi ni sauti: mashine ya kusaga, jogoo, spika ya mahubiri, vyote vinapanda na kunifikia bila kupungua. Nikatafuta paa la kwetu, nikaona aibu kama mtu anayechungulia madirisha.

Kushuka ndiko kulikoharibika. Tulilenga uwanja wa mpira, ila karibu na uwanja hewa ilikuwa inazama, na kifaa kikageuza mlio kuwa mguno mrefu. "Miguu juu!" Tukaserereka kwenye matuta ya viazi vya kumwagilia, bawa likatufunika.

Nilipotoa kichwa, bibi mmoja alikuwa amesimama na jembe. Kamba zilikuwa zimeniviringa mpaka shingoni. Nikasema kile mdomo ulichozoea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmetoka wapi?"

Nikaonyesha mlima. Akautazama, akatutazama, akahesabu matuta. "Matatu," alisema.

Kaka alilipa bila kubishana, na kwa kweli bei ilikuwa ya huruma. Ila bibi hakuturuhusu kuondoka mpaka tuchimbue viazi vyote vilivyovunjika mashina, maana vitaoza. Tulichimba nusu saa, kofia ngumu bado kichwani, watoto wa mtaa mzima wakituzunguka. Akanipa sado moja.

Nyumbani Mama alivimimina kwenye beseni. Vidogo kama gololi, ganda linabanduka kwa kidole.

"Nani kakuuzia viazi vichanga hivi?"

"Bibi mmoja, kule chini ya mlima."

"Kakuibia," alisema, akaanza kuviosha.